Petroli imekwama wapi? Tusihukumu pampu kabla ya kuipima

Magari ya Land Rover ya Series III yalitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Katika nchi jirani, hasa mashambani, bado yako yanayobeba watu na mizigo. Ugonjwa wake mmoja unajulikana na kila dereva: gari hupanda mlima likikohoa, kisha hufa. Likipumzika huwaka tena.

Mara nyingi lawama humwangukia dereva, au pampu hutupwa ikiwa nzima na fedha za matengenezo zikapotea bure. Ndugu wafanyakazi, plagi zikiwa zinatoa moto vizuri, basi ifuateni petroli kutoka tangi hadi kabureta mpaka muone inapokwama.

Kwanza usalama. Injini ipoe, waya wa betri utolewe, sigara zizimwe. Petroli isinyonywe kwa mdomo kamwe; ikiingia mapafuni inaweza kuua. Wala debe la petroli lisifungwe juu ya boneti ili gari lipate kutembea. Cheche moja tu, gari na watu wake wameungua. Mfanyakazi akiamriwa kufanya hivyo asikubali, na amwarifu mwakilishi wa chama.

1. Fungua kifuniko cha tangi. Kikivuta hewa kwa mlio na baadaye gari likaenda vizuri, tundu la hewa limeziba.

2. Tazama bakuli la kioo la pampu. Maji hukaa chini ya petroli. Takataka pia huonekana. Safisha bakuli na chujio. Uangalie pia mpira wa bakuli, kwa maana ukichakaa pampu huvuta hewa badala ya petroli.

3. Fungua paipu kwenye kabureta, uielekeze ndani ya chombo, kisha upige pampu kwa mkono wake mdogo. Petroli ikiruka kwa nguvu, pampu ni nzima. Tazama sindano ya boya na matundu ya kabureta.

4. Mkono ukiwa mlegevu, usiseme pampu imekufa. Huenda injini imesimama ikiwa imeusukuma mkono wa ndani. Izungushe kidogo kwa hendeli, ujaribu tena.

5. Ikiwa bado petroli ni haba, fungua paipu inayotoka tangini. Unganisha pampu na kopo la petroli safi. Ikivuta vizuri sasa, kosa liko kwenye paipu au ndani ya tangi. Isipovuta, hapo ndipo pampu ifunguliwe: vali zake au kiwambo vimeharibika. Pima na oili: ikizidi kipimo na kunuka petroli, kiwambo kimepasuka. Injini isiwashwe mpaka oili ibadilishwe.

Andika ulichopima na ulichokiona, ndipo uombe spea. Msimamizi akiuliza, mwonyeshe karatasi. Fundi mwenye ushahidi hasingiziwi kwa urahisi.