Upasuaji wa Moyo na Kidonda cha Mguu: Mambo ya Kujua Kabla ya Harambee



Wapendwa wasomaji, katika kutembelea sharika za Temeke na Kinondoni tumeulizwa mara kwa mara: mgonjwa amepasuliwa moyo, iweje anauguza mguu? Mzee mmoja wa kanisa huko Mbagala alirudi nyumbani kifua kikipona vizuri, lakini kwa wiki nyingi hakuweza kufika ibadani kwa sababu ya kidonda kilichoanzia kwenye kifundo hadi karibu na kinena. Usharika ulikuwa umechanga fedha za upasuaji. Fedha za kusafisha kidonda na za teksi ya kwenda kliniki hakuna aliyezifikiria, nami nikiwa mmoja wao.

Ateri zinazolisha msuli wa moyo zikiziba kwa mafuta, daktari hupandikiza mshipa mwingine ili damu ipite pembeni ya palipoziba, kama daladala zinavyochepuka lori likiharibika Barabara ya Kilwa. Kwa ateri kubwa ya mbele ya moyo hutumika zaidi ateri iliyo ndani ya ukuta wa kifua. Kwa nyingine huchukuliwa vena ndefu ya mguu, inayopanda upande wa ndani kutoka kwenye kifundo hadi kinena. Mguu una vena nyingine za kurudisha damu, hivyo haupotei, ingawa huweza kuvimba kwa muda. Aliyeieneza njia hii ya vena ya mguu ni Dkt. René Favaloro wa Argentina, alipokuwa akifanya kazi Cleveland, Marekani, mwaka 1967. Hapa kwetu upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 unafanywa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, hapo hapo Muhimbili. Zamani wagonjwa wengi walipelekwa India.

Sasa, vena hiyo hutolewaje? Njia ya zamani ni kupasua ngozi kwa urefu wote wa mshipa unaohitajika. Daktari anauona mshipa wote kwa macho yake, na vifaa ni vya kawaida. Ubaya wake ni kidonda kirefu, ambacho kwa mwenye kisukari, mnene sana, au mwenye damu isiyofika vizuri miguuni huchelewa kupona. Wengine hupasua vipande vifupi vifupi na kuacha ngozi nzima katikati.

Njia mpya zaidi ni ya kamera. Ngozi hukatwa sentimita 2 au 3 tu karibu na goti, bomba jembamba lenye kamera likaingizwa, hewa ya kaboni dioksidi ikapanua nafasi, na matawi ya mshipa yakakatwa na kuzibwa kwa ndani. Inahitaji vifaa vya gharama na mikono iliyozoea. Mwaka 2009 uchambuzi uliofanyika Marekani uliwatia madaktari wasiwasi, kwa kuwa mishipa iliyotolewa kwa kamera ilionekana kuziba zaidi. Lakini mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,150 katika hospitali 16 za maveterani nchini humo, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Matatizo makubwa ya moyo hayakutofautiana kwa kiasi cha maana, na maambukizi ya kidonda cha mguu yalikuwa asilimia 1.4 kwa kamera dhidi ya 3.1 kwa kupasua. Tusisahau kwamba waliotoa mishipa hiyo walikuwa wazoefu.

Ipo pia njia iliyotoka Örebro, Sweden, ya kutoa vena pamoja na mafuta yanayoizunguka bila kuivuta wala kuitanua. Mshipa wa namna hiyo hudumu vizuri, ila mguu hulipa gharama, maana kidonda chake husumbua zaidi.

Kwa maoni yangu kamati isimchagulie daktari njia. Kazi yetu ni kumsaidia mgonjwa aulize mapema: mshipa utatolewa mguu gani na kwa njia ipi? Sukari yangu imedhibitiwa? Nani atanifunga kidonda nikirudi nyumbani? Kutoka Chamazi au Bunju hadi Upanga si safari ya mtu mwenye mguu uliovimba kusimama kwenye daladala.

Nyumbani, mguu uinuliwe anapokaa, naye atembee kidogo kidogo kama alivyoelekezwa. Wekundu unaoongezeka, joto, usaha, homa au mshono kuachia ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Majivu, dawa ya meno na majani visiguse kidonda, hata kama jirani anavisifia.

Kamati zinazoandaa harambee kwa ajili ya mgonjwa wa moyo zinaombwa kuongeza kwenye bajeti fungu la huduma ya kidonda: bandeji, dawa, kipimo cha sukari na usafiri wa kliniki. Wafadhili wetu nao wanaombwa wasilione fungu hilo kuwa nyongeza isiyo ya lazima.