Bodaboda na Afya ya Vijana Wetu

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo wengi hudhani ni la polisi wa barabarani peke yao, kumbe ni la afya pia: ajali za pikipiki.

Zaidi ya nusu ya watu wa Afrika wana umri chini ya miaka 25. Vijana wengi humaliza shule bila kazi wala mtaji, na pikipiki imekuwa kimbilio lao. Nigeria huiita okada, Benin zemidjan. Jina letu la bodaboda lilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako katika miaka ya 1960 baiskeli zilibeba watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine.

Tusiwalaumu vijana tu kwamba wanakimbiza. Wengi huendesha pikipiki ya mtu mwingine, na jioni lazima wapeleke hesabu kwa tajiri. Mvua inyeshe, abiria wakosekane, hesabu ni ile ile. Basi kijana hufanya kazi mpaka usiku wa manane, hupakia mishikaki, na kwenda mbio huku macho yamejaa usingizi.

Akianguka, mara nyingi huumia miguu na kichwa. Mfupa wa paja ukivunjika, mtu aweza kupoteza lita nzima ya damu ndani kwa ndani, bila tone kuonekana nje. Kupona huchukua miezi. Wakati huo hakuna kipato, na nyumbani huuzwa mbuzi, kisha shamba.

Kofia ngumu hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi, na ya kifo kwa asilimia 42. Lakini kofia isiyofungwa kamba chini ya kidevu hutoka kabla kichwa hakijagonga chini. Iliyotundikwa kwenye usukani haimsaidii mtu.

Aliyegonga kichwa aweza kuinuka akisema, "Sijambo," kumbe damu inavuja ndani ya fuvu. Akianza kutapika, kusinzia, kuchanganyikiwa au kutokwa damu masikioni, apelekwe hospitali mara moja. Msimvute ovyo; shingo yake isipindwe. Msimpe chakula wala kinywaji.

Sisi wengine tufanye nini? Wewe abiria, usimhimize dereva akimbie, na udai kofia yako. Wewe mwenye pikipiki, panga hesabu ambayo kijana aweza kuipata naye akalala. Mnunulie kofia mbili na ukate bima. Wazazi, kabla ya kuuza ng'ombe ili kijana anunuliwe pikipiki, toeni kwanza fedha ya mafunzo na leseni.

Vijana hawa wanatafuta riziki kwa jasho lao. Tuwasaidie waipate wakiwa wazima. Kinga ni bora kuliko tiba.