Jina la .net Si Waya wa Mtandao

Mfanyabiashara anayelipia anwani ya intaneti inayoishia na .net huweza kudhani amenunua kipande cha mtandao. Alicholipia ni mstari mmoja katika daftari la majina, na daftari hilo lilitenganishwa na nyaya tangu mwanzo.

Oktoba 1984 Jon Postel na Joyce Reynolds, wa Marekani, walitoa waraka uliogawa anwani kwa mafungu: .com kwa makampuni, .edu kwa vyuo, .gov kwa serikali, .mil kwa jeshi na .org kwa mashirika mengine. Fungu moja tu, .arpa, lilibeba jina la mtandao halisi, ARPANET, nalo liliwekwa kwa muda. ARPANET wenyewe ulifungwa 1990.

Mafungu mengine yalieleza mwenye kompyuta ni nani, si waya gani unaifikia. BBN, kampuni iliyojenga ARPANET kwa fedha za serikali, ilipata .com Aprili 1985. Jina lilikuwa la biashara, waya wa serikali. BITNET, uliounganisha vyuo vikuu tangu 1981, haukupata fungu rasmi, watumiaji waliandika.bitnet kwa mazoea tu.

Utata ulizidi kwa .net. Iliongezwa 1985 kwa ajili ya kompyuta za waendeshaji wa mitandao, na waraka wa Postel wa Machi 1994 ulirudia sharti hilo. Sharti halikushika. Leo .net huuzwa kwa yeyote mwenye kulipa.

Fedha zilikuwa kwenye daftari. Septemba 1995 Network Solutions ilianza kutoza dola 50 kwa mwaka kwa kila jina. Mwaka 2000 VeriSign iliinunua kwa hisa za takriban dola bilioni 21, bei ya wakati wa homa ya intaneti. Mwaka 2003 iliuza kitengo cha rejareja kwa takriban dola milioni 100 tu, ikabaki na daftari la .com na .net.

Kwetu, .ke ilikabidhiwa 1993 na .tz 1995. Hata hivyo, tovuti ya .co.tz yaweza kukaa katika kompyuta iliyoko Ulaya. Ada ya jina na ada ya kuhifadhi tovuti ni malipo mawili, hata yakija katika ankara moja. Kabla ya kulipa, mteja aulize kompyuta iko wapi na jina limeandikishwa kwa nani.