Mkono ulikatwa, kazi haikukatika

AJALI za barabara ya Waiyaki si jambo geni kwa wakazi wa Mountain View, Nairobi. Je, anayepoteza mkono amepoteza riziki pia?

Rick Allen, mpiga ngoma wa bendi ya roki ya Def Leppard ya Uingereza, alikuwa na miaka 21 alipokatika mkono wa kushoto katika ajali ya gari, Desemba 31, 1984. Madaktari waliushona, lakini ukaingia viini, ikabidi uondolewe. Kwa ngoma za umeme, aliufunza mguu wa kushoto kazi ya mkono. Agosti 1986 alirejea jukwaani.

Mazoezi yaanze mapema, daktari akiruhusu, viungo visije vikakakamaa. Chama cha APDK hutoa mazoezi na viungo bandia. Usimfiche mgonjwa wako nyumbani.