CHUNUSI WAKATI WA KASKAZI

Wanachama wetu, baadhi yenu mwatuuliza kwa nini nyuso za vijana huchafuka kwa chunusi kipupwe kikisha na joto likaingia. Wasemao ni damu chafu wamekosea. Chini ya ngozi mna vifuko vidogo vitoavyo mafuta, na balehe huvizidishia kazi. Mafuta yakichanganyika na ngozi iliyokufa, tundu huziba, vijidudu huzaliana, pakavimba. Jasho la kaskazi huzidisha, na mafuta ya nazi usoni vivyo hivyo.

Lililotushughulisha hasa ni mafuta ya karafuu. Yatokana na makonyo yetu wenyewe, walakini hatutawaficha: yakipakwa matupu huunguza ngozi, na alama ya kuungua yaweza kudumu kuliko hiyo chunusi. Msiwapake watoto wenu.

Uso na uoshwe mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, bila kusugua wala kutumbua. Katika maduka ya dawa hupatikana benzoili peroksaidi. Ile ya asilimia 2.5 yatosha kuanzia, nayo yataka subira ya wiki 6 hadi 8. (Hupausha foronya, akina mama wajihadhari.) Krimu za kung'arisha tuziepuke, nyingine zina zebaki. Zikiwa kubwa zenye maumivu, kijana apelekwe kwa daktari kabla hayajabaki makovu.