Barua ya Kujipa Pole

Mnamo 1858, mama mgonjwa, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, alimwita bintiye aje na wino na karatasi. Mwaka mzima maradhi hayakumwachia. Alikuwa Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu kisiwani humo, na utenzi wake wa wasia kuhusu mke na mume umechosha vizazi vya watahiniwa. Wachache hufika kule mwisho, ambako mama anajigeukia mwenyewe. Anautaja unyonge wake waziwazi, anajiombea afya na msamaha, na wengine anawatia katika dua hiyohiyo. Kuumwa hakumtii haya.

Karatasi na wino ndivyo anavyovihitaji pia Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Chagua jambo linalokutia aibu, anaelekeza, kisha jiandikie barua kama vile inatoka kwa rafiki anayezijua kasoro zako zote na bado anakupenda. Neff hakuanzia maabara. Mwaka 1997 alikuwa Berkeley akimalizia uzamivu, ndoa imevunjika, aibu imemjaa. Kufikia 2003 alikuwa ameipanga huruma hiyo ya mtu kwa nafsi yake katika mambo matatu: kujitendea wema, kukumbuka kwamba kukosea ni kwa binadamu wote, na kuyatazama maumivu bila kuyakuza wala kuyazika.

Je, si kujidekeza? Neff amechoka kuulizwa hivyo, na anakataa. Mwaka 2012 watafiti Juliana Breines na Serena Chen walionyesha kwamba wanafunzi waliofeli jaribio gumu, wakaelekezwa wajionee huruma, walisoma kwa muda mrefu zaidi kabla ya kurudia.

Kenya nayo imejaribu jambo la karibu na hilo. Taasisi ya Shamiri, aliyoianzisha Tom Osborn na wenzake, hufunza shukrani na imani kwamba mtu hubadilika, na wanaoongoza vikundi ni vijana waliotoka sekondari juzijuzi. Katika utafiti wa wanafunzi 413 uliochapishwa 2021, saa moja kwa wiki, kwa wiki nne, ilipunguza sonona na wasiwasi.

Lugha ndiyo inayokwaza. "Kujihurumia" kunanuka kulialia. "Pole" lipo: jikwae kichochoroni Lamu, na asiyekujua atakupa. Lakini nani hujipa pole mwenyewe, siku matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotoka na alama ni D?

Na msichana wa Siyu akipewa karatasi hiyo leo, ataandika kwa Kisiu cha nyumbani, au kwa Kiswahili sanifu kilekile alichofeli mtihanini?