Kikulacho ki Nguoni: Jeni na Maumbile katika Uvimbe Sugu wa Kongosho kwa Watoto

Uvimbe sugu wa kongosho umezoeleka kuhusishwa na ulevi. Mtazamo huu, japo una mashiko kwa watu wazima, humwacha nje mtoto wa miaka minane anayeumwa tumbo mara kwa mara, akatibiwa minyoo, kisha akadhaniwa anakwepa shule. Kwa mtoto kama huyo, chanzo aghalabu hupatikana katika urithi au katika umbo la kiungo chenyewe.

Kongosho hutengeneza tripsini, kimeng'enya cha kusaga protini. Kwa kawaida hukitoa kikiwa kimelala, kikaamkie kwenye utumbo mwembamba. Kikiamka mapema, huanza kulisaga kongosho lililokizaa. Hapo methali ya kikulacho ki nguoni mwako si tamathali tena.

Mwaka 1952 Comfort na Steinberg, wataalamu wa Marekani, walieleza familia ambamo ugonjwa huu ulijirudia kizazi baada ya kizazi. Sababu ilifichuka mwaka 1996, Whitcomb na wenzake walipotambua hitilafu ya jeni ya PRSS1 katika kromosomu ya 7. Jeni hii ndiyo inayoongoza uundaji wa tripsini. Ikigeuka, tripsini iliyoamka mapema huwa vigumu kuzimwa. Nakala moja yenye hitilafu, kutoka kwa mzazi mmoja, yatosha, ingawa si kila anayeirithi huugua. Jeni ya SPINK1, iliyohusishwa na ugonjwa huu mwaka 2000, huunda kizuizi cha tripsini. Hitilafu za CFTR nazo hufanya maji ya kongosho yawe mazito, yakaziba njia. Katika hizi mbili, wazazi huenda wote wakawa wazima kabisa, hivyo neno "urithi" lisitafsiriwe kuwa lazima mzazi naye awe mgonjwa.

Kwa upande wa maumbile, kongosho la mimba huanza kama machipukizi mawili yanayoungana mnamo wiki ya saba. Mifereji yake isipoungana, maji mengi hulazimika kupitia tundu dogo. Hata hivyo, wengi wenye umbo hili hawaumwi maishani, na watoto wanaoumwa mara nyingi hupatikana pia na hitilafu ya jeni. Daktari anayekomea kwenye picha ya mfereji ameona nusu ya kisa.

Mzazi basi yafaa aulizwe kama kuna jamaa aliyewahi kuteswa na tumbo tangu utotoni, au aliyepata kisukari baada ya maumivu hayo.